Droo Tupu Zilizojaa

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, goti limekuachia kidogo, na ile dawa ya macho unaitia mara mbili kama daktari alivyosema, si mara moja kwa kuibania kama nikujuavyo. Mimi sijambo. Nakula, nalala, kazini nakwenda. Ukiniuliza nimekula nini sitakumbuka, lakini mwili haujambo, na watu wengi huulizia mwili tu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Unajua mimi si mtu wa kukawiza majibu yako. Imekaa mezani karibu na mkate, kila asubuhi naisoma, kila asubuhi naikunja. Uliniandikia kwamba mwenye kampuni alikuja kukuletea vitu vya Dada vilivyobaki kwenye meza yake ya kazi, kwamba alikaa vizuri, akanywa chai, akasifu heshima yake na kicheko chake, halafu akiwa mlangoni anavaa viatu akasema kwamba pamoja na yote hayo, marehemu amewaachia programu inayoumwa. Ukaniuliza jambo moja tu: je, ni kweli mwanao alikuwa mzembe kazini? Ukasema la kuondoka kwake umeanza kulimeza, lakini hili la uzembe limekukwama kooni.

Nimechelewa kwa sababu mwanzoni sikuwa na jibu, na baadaye nikawa nalo. Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa mpangilio wenyewe umenipotea, kwa hiyo nivumilie nikirudi nyuma kama mtu aliyesahau miwani.

Kazi yetu unaijua. Tunapokea vifurushi vya watu na kuvitunza mpaka wenyewe waje kuvichukua. Vingi vinakaa kwenye rafu za kawaida. Vile vinavyoharibika kwa joto, kama dawa na maua, vinaingia kwenye kabati kubwa la baridi lenye droo ishirini na nne. Kompyuta ndiyo inayofungua droo. Mtu haruhusiwi kuchagua kwa mkono, maana zamani walikuwa wakichagua kwa mkono na samaki wa mtu akapelekwa harusini badala ya maua. Kwa hiyo Dada akaandika programu. Kila mzigo unaoingia unapewa namba, jina la mwenyewe, na kama ni wa baridi, unapewa na droo yake. Ukichukuliwa, unafutwa, na droo inakuwa huru kwa mwingine. Miaka minne haikuwahi kugoma.

Ilianza kugoma mwezi wa sita, wiki moja baada ya mimi kurudi kutoka mazishini. Mwanamke wetu wa mapokezi, yule tunayemwita Mama Stempu kwa sababu hugonga mhuri kama anaua mende, alipiga kelele kwamba kompyuta inakataa mizigo ya baridi. Inasema droo zote zimejaa. Tukaenda kuzifungua kwa ufunguo wa dharura, moja baada ya nyingine. Tupu. Droo ishirini na moja kati ya zile ishirini na nne tupu, baridi inatoka kama moshi, na kioo cha kompyuta kinasisitiza zimejaa. Mama Stempu akasema basi kuna wapangaji wasioonekana wanaopenda baridi, na akataka kujua kama na wao watagongewa mhuri. Tulicheka. Tukazima kompyuta, tukaiwasha, droo zikawa huru. Siku ya tatu zikajaa tena utupu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila siku ya tatu. Siku moja tulichelewa kuizima, na dawa za mfamasia mmoja zikakaa kaunta juani nusu siku nzima kwa sababu kompyuta ilishikilia kwamba hamna nafasi. Zikaharibika. Mfamasia alikuja mwenyewe, akauliza kwa upole kabisa kama sisi tunajua kusoma neno “baridi” au tuandikiwe kwa picha. Afadhali angetukana.

Hapo ndipo mwenye kampuni alipoanza kusema lile neno alilokuja kukwambia. Akamleta fundi mgeni, bwana wa begi kubwa na maneno machache. Akatazama siku mbili. Akasema ugonjwa umo kwenye msingi, na kwamba kubomoa ni rahisi kuliko kutibu. Wakakubaliana kwamba mwisho wa Agosti programu yote ya Dada itafutwa, iandikwe nyingine. Mama, nilikuwa nimesimama pale nimeshika waya. Nikafikiri, nguo zake tumegawa, kitanda tumegawa, na sasa hiki nacho. Kilikuwa kitu pekee cha Dada ambacho bado kilikuwa kinafanya kazi.

Nikaanza kutafuta mwenyewe kosa liko wapi. Sasa hapa nitakueleza mambo ya kazi kidogo, usiogope, wewe unayajua kuliko unavyodhani.

Dada alinifundisha kazi hii Jumamosi chumbani kwake, mimi mwenye cheti changu kimoja cha ufundi wa umeme. Aliniambia mizigo yote ina mama mmoja, jina lake Mzigo. Mama ana yale ya kila mtu: namba, jina la mwenyewe, tarehe. Watoto wanayarithi hayo, halafu kila mtoto anaongeza lake. Mzigo wa Baridi anaongeza droo. Nilipomuuliza wakati wa kuondoka inakuwaje, nani anafuta nini, alicheka akaniuliza kama nimesahau kitanda cha kwa bibi. Unakumbuka? Mkeka chini, godoro juu yake, shuka, halafu blanketi. Na asubuhi ulikuwa ukisimama mlangoni unatuambia kwamba anayevuta mkeka kabla ya kukunja blanketi atakula vumbi. Dada akasema ni hivyo hivyo. Mtoto ametandikwa juu ya mama. Siku ya kuondoka, cha mtoto hukunjwa kwanza, cha mama mwisho.

Basi nikafungua ukurasa wa Mzigo wa Baridi nikitegemea kukuta amesahau kuandika kwamba droo iachiliwe. Hakusahau. Imeandikwa wazi, mistari mitatu safi. Mzigo ukiondoka, achilia droo. Nikasoma mara ishirini. Maneno yapo, hayatekelezwi. Ni kama kumwona mtu anakuita ng'ambo ya barabara, mdomo unafunguka, sauti haifiki. Nilikaa na hilo wiki nzima, kichwa kikawa kama uzi uliochezewa na paka. Barua yako ikafika katikati ya hapo, na sikuweza kukuandikia kwamba sijui.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa saba, mama mwenye nyumba aliyempangisha Dada alinipigia simu. Unajua chumba kile nilikisafisha mimi. Yule mama ana karatasi kaigongomea nyuma ya kila mlango, ya mpangaji anayehama: rudisha ufunguo, ondoa pazia, acha balbu, fagia, funga maji. Nilifuata yote, moja moja, akanishukuru, akasema si wengi wanaotoka kwa usafi hivyo. Sasa ananiuliza, kwa kusitasita, kama ninajua habari za kabati dogo lililoko kwenye jiko la pamoja, lenye kufuli. Mpangaji mpya amelitaka, na yeye alijua tumeshamaliza. Kumbe Dada aliliomba mwenyewe tangu mwaka wa kwanza. Wapangaji wengine hawana kabati, ndiyo maana kwenye karatasi halimo. Akasema karatasi yake ndiyo iliyomdanganya, inajua ya wapangaji wote, haijui ya huyu mmoja.

Nilikuwa na kifunguo kimoja kidogo chenye uzi mwekundu, nimekuwa nikitembea nacho mfukoni tangu mazishi bila kujua kinafungua nini. Nikaenda baada ya kazi. Kikaingia. Ndani mlikuwa na majani ya chai, mkebe wa sukari, mfuko wa vibanio vya nguo, na vikombe viwili vya bati. Kimoja ndicho kile nilichokibandua rangi mdomoni nikiwa darasa la tatu, nikakuambia ni yeye, naye akanyamaza akachapwa. Amekibeba miaka yote hiyo. Ndicho alichokuwa akininyweshea chai Jumamosi, Mama, na sikuwahi kukitambua, nilidhani ni vikombe tu.

Nilisimama pale jikoni, wapangaji wananipita na sufuria zao, mmoja akaniuliza kama natafuta chumvi. Na mimi nilikuwa nafikiria droo. Nilikifunga chumba cha Dada kama chumba cha mpangaji yeyote. Nilifuta ya mpangaji. Ya kwake mwenyewe sikuuliza, yakabaki yamefungwa kufuli, mwenyewe ameondoka na nafasi bado imeshikwa. Na kompyuta ilikuwa ikifanya jambo lile lile. Ilikuwa inauondoa Mzigo wa Baridi kama mzigo wowote. Namba inafutika, jina linafutika, tarehe inafutika. Mtoto haulizwi ana nini.

Asubuhi yake, Jumanne, nikaufungua ukurasa wa mama badala ya ukurasa wa mtoto. Mahali pale panatakiwa pawe na mstari mmoja. Kwa maneno ya kawaida unasema hivi: huyu akiitwa kuondoka, aulizwe kwanza yeye ni mtoto gani, akunje vya kwake, ndipo mama akunje vya wote. Mama mwenyewe hana cha ziada cha kukunja, kwa hiyo baada ya maneno hayo huwa kuna mabano mawili tu, katikati hamna kitu. Mstari haukuwepo. Nikauandika. Siku ya tatu ikapita. Siku ya sita. Kompyuta ikawa inasema zimejaa zikiwa zimejaa, na tupu zikiwa tupu. Mama Stempu akatangaza kwamba wapangaji wasioonekana wamehama bila kuaga.

Wakanipigia makofi. Mwenye kampuni akaniita mbele ya wote, akasema damu ni damu, akasema sasa programu haitafutwa. Fundi mgeni akanipa mkono. Kisha akaandika kwenye kumbukumbu za mabadiliko, zile ambazo kompyuta hutunza nani kaandika nini na lini: kosa la marehemu limerekebishwa. Nikasoma maneno hayo juu ya bega lake. Nikasema asante.

Mama, sasa nimefika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito. Nimenyanyuka mara mbili kwenda kunywa maji.

Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba mstari ule ulikuwepo miaka yote minne, na kwamba ulifutwa Jumanne tarehe 12 Mei, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kwa jina la Dada. Nilipoona jina lake mara ya kwanza, nilimkasirikia. Nisamehe, lakini ni kweli. Nikajisemea, ugonjwa ulikuwa umeshamla akili, akafuta kitu alichokilinda mwenyewe. Nilimkasirikia kama dakika moja. Halafu nikatazama tena tarehe na saa iliyoandikwa.

Tarehe hiyo alikuwa amelazwa siku ya tano. Kompyuta yake ilikuwa mezani kwangu, kwa sababu ni ya haraka kuliko yangu, na tulikuwa na tabia hiyo mbaya sisi wawili, ya kutumia ya mwenzako bila kubadilisha jina. Kila ninachokiandika humo kinaandikwa yeye. Siku hiyo nilikuwa naongeza aina mpya ya mzigo, wa vitu vya vioo, na nikasema nimsafishie kurasa zake, akipona azikute zinang'aa. Nikafuta huku na huku, nafasi, maneno yaliyopitwa na wakati. Nikafika kwenye mstari wenye mabano mawili na katikati hamna kitu. Nikaona ni mlango wa chumba kisicho na kitu.

Ni mimi, Mama. Niliufuta mimi. Kompyuta haikulalamika, na usafi wangu haukuanza kutumika mpaka tuliporudi kutoka mazishini, na kwa kilichotokea katikati hapo mwezi wote ule ulikuwa umenifutika.

Na kuna zaidi, nalo ndilo lililonizuia kukuandikia. Sikuufuta bila wasiwasi. Nilipiga simu kwanza nimuulize. Ulipokea wewe. Ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba unamsuka, umefika mstari wa tatu, na amekulalia mapajani nusu kichwa kimesukwa nusu bado, ndiyo mara ya kwanza kupata usingizi tangu usiku. Ukaniuliza kama ni jambo kubwa aamshwe. Nikasema hapana, ni mstari mmoja tu hauna kitu, usimwamshe. Ukasema basi ngoja aamke. Sikungoja. Usijilaumu hata kidogo kwa hilo, uliniambia la kufanya na mimi sikulifanya. Alipoamka jioni tukaongea naye, nikamwambia kila kitu kinaenda vizuri, akasema anajua, kwa sababu nipo mimi. Sikukumbuka kumuuliza.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Mwanao hakuwa mzembe. Kazi yake ilikuwa nzima mpaka nilipoisafisha. Na tangu siku ile ya makofi nimemwachia abebe, kama lile la kikombe, na safari hii hata hawezi kuchagua kunyamaza.

Juzi Ijumaa nilishindwa. Nikaingia kwa mwenye kampuni nikamwambia ni mimi. Unajua alifanya nini? Aliinuka akafunga mlango, akanishika bega. Akasema ananielewa, hata yeye alipofiwa na kaka yake alitaka kubeba mizigo isiyokuwa yake. Akasema nisimfunike dada yangu, marehemu hahitaji kufunikwa, kila mtu hukosea, na kumbukumbu za kompyuta hazina huruma wala chuki. Nikamwambia alikuwa hospitali. Akasema anamjua Dada, aliwahi kuwarekebishia hitilafu akiwa amelazwa na mguu uliovunjika, kompyuta ikiwa juu ya mto, basi atashindwaje na hii? Fundi mgeni aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni akasema jina limeandikwa, na jina ni jina. Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikwenda kukiri kosa, nikatoka nimepewa pole.

Mama Stempu peke yake ndiye aliyeniuliza la maana. Aliniuliza kama yupo mtu aliyemwona Dada saa hiyo. Nikasema yupo.

Ndiyo maana nakuandikia leo na sikukupigia. Nataka unikasirikie kwanza, kwa muda wako, mimi nisisikie wala nisikukatize. Ukimaliza, nakuomba uchukue karatasi umwandikie mwenye kampuni, hata mistari miwili. Mwambie ulikuwa wapi asubuhi ile, na mikono yako ilikuwa ikifanya nini, na nani alikuwa amelala, na nani alipiga simu akasema ni mstari mmoja tu hauna kitu. Usinitetee. Najua utataka kuongeza kwamba mimi ndiye mdogo na kwamba nilikuwa na majonzi. Usiongeze. Fundi anatakiwa alifute neno lile aliloliandika, aandike jina langu. Ikiwa watanifukuza, nitakuja nikae nawe nikutie dawa ya macho.

Kabati la jikoni nimelikabidhi, na kifunguo. Mama mwenye nyumba ameongeza mstari kwenye karatasi yake, nimeuona, kwa wino mwingine: na ulizwa una kitu gani kingine. Nimemwambia ameandika vibaya kidogo, akasema itaeleweka. Vibanio vya nguo ninavyo, nitakuletea. Vikombe vyote viwili viko hapa mezani. Nakinywea kile cha kwangu.

Nisalimie Shangazi na umwambie redio yake iko tayari. Wasalimie majirani wa upande wa kisima, na yule mzee wa saa umwambie saa yangu bado inatembea. Wewe nakusalimia sana, mikono yako hasa.

Nami ni mwanao, kitindamimba wako.

Mama, ikumbuke asubuhi ile kama ilivyokuwa, yote, na mimi niliyekuwa kwenye simu unikumbuke humo humo.